Anakunywa lithiamu, sasa ana malaria na anaharisha: dozi ya leo apewe?

Katindo_88
Jambo zenu ndugu. Mdogo wetu ana ugonjwa wa baipola, anakunywa lithiamu miligramu 800 kila usiku na alikuwa ametulia. Tangu juzi ana homa na anaharisha, kipimo kimeonyesha malaria. Farmasi ya hapa mtaani wakampa diklofenaki kwa maumivu ya mwili. Jana mikono ikaanza kutetemeka. Wazee wanasema ugonjwa wa kichwa umerudi, apelekwe chumba cha maombi afunge siku 3. Dozi ya leo tumpe ama tuiache?

Muuguzi_Himbi
Dada, dozi ya usiku huu msimpe mpaka muganga amwone, na diklofenaki iacheni kabisa. Aende hopitali leo, si kesho.

Figo huishika lithiamu kama zinavyoishika chumvi. Mtu akiharisha na kutoka jasho la homa, maji na chumvi vinapungua mwilini. Figo zinabana chumvi iliyobaki isitoke na mkojo, na lithiamu inabanwa pamoja nayo. Dozi haijabadilika, lakini kwenye damu inapanda. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huzuia figo kuitoa. Kwa homa na maumivu, mtu mzima apewe parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku.

Kuhusu mikono, mpe kikombe cha chai kilichojaa nusu na umtazame akikishika. Vidole vikitikisika kidogo tu na chai ikabaki ndani, hilo hutokea hata kwa dozi ya kawaida. Chai ikimwagika, ama akiyumba kama mlevi, ulimi ukiwa mzito, akitapika au akichanganyikiwa, hapo dawa imegeuka sumu. Si baipola iliyorudi. Mwenye mania, ule msisimko uliopita kiasi wa baipola, anaongea mbio na halali usiku, na bado asubuhi ana nguvu. Aliyezidiwa na lithiamu anasinzia.

Anywe serumu ya kunywa kidogo kidogo tangu sasa. Pakiti 1 kwa lita 1 ya maji safi. Hamna pakiti? Lita 1 ya maji, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha.

Na kama anakunywa pia kabamazepini, ile ya Tegretol, itajeni kabla hawajamwandikia dawa ya malaria. Inaifanya dawa ya malaria ya artemetha-lumefantrini ivunjwe haraka mwilini, na vimelea vinabaki.

Fundi_wa_maabara
Naongeza la damu, kwa sababu hapa watu wanakosea sana. Tyubu ya kizibo cha kijani mara nyingi imewekwa heparini ya lithiamu, ya kuzuia damu isigande, na jibu litatoka juu hata kwa mtu ambaye hajawahi kuimeza. Ombeni tyubu kavu, ya kizibo chekundu. Kwa kawaida damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, lakini mtu akiwa na dalili za sumu hawangoji saa hizo: wanachukua hapo hapo, na nyinyi mnawaambia alimeza saa ngapi. Wengi hukaa vizuri lithiamu ikiwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita ya damu, wengine mpaka 1.0. Ikipita 1.5 ni hatari, na aliyeinywa muda mrefu anaweza kuumia hata chini ya hapo. Wapime na figo.

Mlezi_Ndosho
Katindo, waambie wazee kwa heshima: maombi hayana shida. Shida ni kufunga bila maji. Siku 3 kavu kwa mtu wa lithiamu anayeharisha zinaweza kumuua. Mkesha pia uache hata akishapona, maana kukosa usingizi usiku mmoja au miwili kunatosha kuiamsha mania.

Halafu msije mkaiacha lithiamu moja kwa moja kwa hofu ya haya yaliyotokea. Atakayesema lini irudi na kwa dozi gani ni muganga, baada ya kipimo. Ikibidi iachwe kabisa, inapunguzwa polepole kwa wiki 4 angalau, na miezi 3 ndiyo bora. Ikikatwa ghafla, mania hurudi kwa kasi. Akitoka hopitali, kwa ufuatiliaji mpelekeni Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha hapa Goma.

Katindo_88
Asanteni sana. Chai imemwagika. Mama amekubali, tunatoka naye sasa hivi, pikipiki iko mlangoni.

Muuguzi_Himbi
Pikipiki hapana, dada, anaweza kusinzia akaanguka. Tafuteni gari, alale ubavu. Bebeni kopo la lithiamu, pakiti ya diklofenaki na karatasi ya kipimo cha malaria. Mkifika mlangoni neno la kwanza liwe «lithiamu», maana wakisikia malaria peke yake watamtundikia kwinini na kuwarudisha nyumbani.