Mahler alijitabiria msiba wake au watu wanalazimisha?

Sauti_ya_Tatu
Wakuu habari zenu. Kwa muda sasa namsikiliza sana Gustav Mahler, yule mtunzi wa Austria wa muziki wa klasiki, na kuna jambo halinitoki kichwani. Kati ya 1901 na 1904 alitunga nyimbo tano zinaitwa Kindertotenlieder, ni nyimbo za mzazi anayelilia watoto wake waliokufa, mashairi ni ya Friedrich Rückert. Halafu Julai 1907 binti yake mkubwa Maria akaugua akafa, miaka minne tu. Mkewe Alma kwenye kumbukumbu zake anasema alimuonya mapema kwamba anaichokoza bahati mbaya, maana watoto wapo nje wanacheza wazima kabisa na baba yao kajifungia anatunga maombolezo. Sasa kila ninaposoma habari zake nakuta watu wanasema alijitabiria, na wapo wanaofika mbali zaidi wanasema alijiletea mwenyewe, kitu ambacho mimi naona ni ukatili kumbebesha mzazi aliyefiwa. Nyie mnaonaje? Na yeye mwenyewe alikuwa anasemaje kuhusu kifo na hii kazi ya kutunga?

besi_ya_pili
Kutabiri hapana. Mkuu, angalia hiyo 1901, Mahler alikuwa hajaoa wala hana mtoto, Alma amemuoa 1902, kwa hiyo nyimbo za kwanza hazikuwa na Maria hata kidogo. Kilichokuwepo ni nyuma yake. Kwao walizaliwa watoto 14 na zaidi ya nusu walikufa wadogo, yaani huyu mtu amekua kwenye nyumba ambayo majeneza madogo yanatoka mara kwa mara. Aliyempenda kuliko wote ni mdogo wake Ernst, waliyefuatana, aliugua muda mrefu akafa 1875 Gustav mwenyewe akiwa bado kijana mdogo. Na Rückert aliandika mashairi zaidi ya 400 baada ya kufiwa na watoto wawili, mmoja wao alikuwa anaitwa Ernst. Sasa mtu afungue kitabu akutane na baba anamlilia Ernst, unadhani atamuwaza nani?

Halafu kuna jingine ambalo watu wanaliruka. Februari 1901 Mahler alitokwa na damu nyingi sana usiku mmoja ikabaki kidogo aondoke, madaktari wenyewe walimwambia. Kiangazi cha mwaka huohuo ndiyo akaanza hizi nyimbo. Kwangu mimi huyu anaandika alichokwishakiona, na kwa sababu kifo kilikuwa kinarudi kila mara kwenye nyumba za zama zile, kilimrudia. Hakuna utabiri hapo, kuna takwimu za kusikitisha za karne yenyewe.

Nuru_K
Nakubaliana na wewe kwa Maria ila sikubaliani kwamba hakuwa na hofu ya kuangalia mbele. Mbona namba tisa ilimtisha? Beethoven alikufa baada ya simfonia ya tisa, yaani zile kazi ndefu za okestra nzima, mtunzi mwenzake Bruckner alikufa ya tisa hajaimaliza, na Mahler alipomaliza ya nane akatunga Das Lied von der Erde ambayo kwa ukubwa ni simfonia kabisa lakini akakataa kuipa namba. Baadaye ndiyo akaandika ile anayoiita ya Tisa, na ya Kumi ikabaki haijaisha, akafa Mei 1911 ana miaka 50. Mtu asiyeogopa hakwepi namba.

besi_ya_pili
@Nuru_K kuogopa alikuwa anaogopa, sibishi. Nasema tu hofu siyo unabii.

kinandani
Mimi naomba nijibu ile sehemu ya mwisho ya swali maana naona imeachwa. Kuhusu kutunga alisema mengi, mengi yaliandikwa na rafiki yake Natalie Bauer-Lechner aliyekuwa mpigaji wa ala za nyuzi na alikuwa anaandika mazungumzo yao. Moja ninalolipenda ni kwamba mtu hatungi, mtu anatungwa. Na aliliishi hilo. Mwaka mzima alikuwa kazini, kuanzia 1897 mpaka 1907 ni mkurugenzi wa opera ya kifalme Vienna, mazoezi, ugomvi na waimbaji, maonyesho karibu kila siku, kwa hiyo muda wa kutunga ni kiangazi tu. Alijengewa kibanda kidogo kando ya ziwa kule Steinbach, baadaye kingine msituni Maiernigg, anaingia asubuhi na mapema na hataki kelele ya aina yoyote. Sasa fikiria una wiki chache tu kwa mwaka na kitu hakiji. Kiangazi cha 1905 alikwama hivyohivyo na Simfonia ya Saba, akazunguka milimani wapi, akakata tamaa akaamua kurudi nyumbani, akapanda mtumbwi kuvuka ziwa, na makasia yalipopiga maji mara ya kwanza tu mdundo wa ufunguzi ukamjia. Hiyo aliieleza mwenyewe kwenye barua kwa mkewe. Hakuutafuta pale, alikuwa ameshaacha kuutafuta!

Na ya Pili vilevile. Alikuwa na sehemu za mwanzo, zinaanza na mazishi na swali la mtu ameishi kwa ajili gani, ila mwisho hana. Mwaka 1894 akahudhuria ibada ya mazishi ya kondakta Hans von Bülow kule Hamburg, kwaya ikaimba shairi la mshairi Klopstock la ufufuo, akapata mwisho wa simfonia palepale kanisani. Akaongeza maneno yake mwenyewe, kwamba hukuishi bure, hukuteseka bure. Kwa hiyo ukiuliza alisemaje kuhusu kifo, hilo ni jibu lake la ujana, jibu la kwaya kubwa na kengele na tarumbeta.

Mama_Altò
Asante @kinandani, na mimi naongezea jibu la uzee, ingawa mtu wa 48 siyo mzee.

Baada ya Maria kufa, siku chache tu, daktari akamkuta na ugonjwa wa moyo akamkataza matembezi ya milimani, kuogelea, vitu vyote vilivyokuwa vinampa uhai na muziki wenyewe. 1908 alimwandikia rafiki yake kondakta Bruno Walter kwamba mwishoni mwa maisha inabidi ajifunze upya kusimama na kutembea kama anayeanza. Mimi nilifiwa na mwanangu na hiyo sentensi naielewa mwilini, siyo kichwani. Ila mwanzo wa 1909 akamwandikia tena Walter kwamba ana kiu ya maisha kuliko wakati wowote. Mtu huyohuyo. Na ndiyo unachokisikia mwisho wa Das Lied, ule wimbo wa kuaga ambao peke yake unakwenda karibu nusu saa. Mashairi ni ya Kichina yaliyopitia Kijerumani, lakini mistari ya mwisho kaandika Mahler mwenyewe, na hasemi habari ya hukumu wala ufufuo, anasema dunia hii tunayoipenda itachanua tena kila mahali, milele, milele, na sauti inalirudia hilo neno mpaka haijulikani imeishia wapi. Tarumbeta za ya Pili hazipo tena. Wale wanaosema alijiletea msiba sidhani wamewahi kuisikiliza hiyo mpaka mwisho, kwa sababu mtu aliyekuwa amekipenda kifo hawezi kuandika kuchanua kwa majani kwa uchungu ule.

Sauti_ya_Tatu
Pole sana Mama_Altò, na asante kwa kuandika hilo. Wote asanteni kwa kweli, ile habari ya kaka yake Rückert, samahani ya mtoto wa Rückert kuitwa Ernst sikuwa naijua kabisa. Sasa nataka kusikiliza kwa mpangilio, nianzie wapi niende wapi?

kinandani
Anza ya Nne, ni fupi kwa viwango vyake, kama saa moja, na mwisho wake mwimbaji mmoja anaielezea mbingu kwa macho ya mtoto. Baada ya hapo ndiyo Kindertotenlieder. Angalia wimbo wa tano, unaanza na dhoruba, mzazi anajilaumu kwamba asingewaruhusu watoto watoke, kisha unageuka unakuwa wimbo wa kubembeleza. Halafu ya Pili, halafu Das Lied.

Mama_Altò
Na ya Tisa iwe ya mwisho, tafadhali usiitangulize. Kwenye wimbo wa nne wa Kindertotenlieder mzazi anajiambia watoto wametoka matembezi tu, siku ni nzuri kule vilimani. Ukurasa wa mwisho wa ya Tisa vayolini zinapiga sauti hiyohiyo ya mstari huo, bila maneno, miaka miwili baada ya Maria kuzikwa. Usipoujua wimbo kwanza, hapo utapapita tu.