Tupeane uzoefu: kanisani kwenu Yohana 13 inasomwaje, na je, mnatawadhana miguu?

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wengine, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mkatoliki na mke wangu amelelewa katika Usabato, kwa hiyo sura ambamo Yesu anawatawadha wanafunzi miguu na kuwaagiza watendeane vivyo hivyo husomwa nyumbani kwetu kwa namna mbili. Kwetu tendo hilo hufanyika mara moja kwa mwaka, katika Misa ya Karamu ya Bwana jioni ya Alhamisi Kuu, ambapo padre huinama na kuwaosha miguu waamini waliochaguliwa. Kwa kuwa siku hiyo tunaadhimisha kuwekwa kwa Ekaristi na Upadre, tunaona humo upendo wa Kristo na wajibu wa padre kutumikia. Naomba wenye mapokeo mengine waeleze wanachofanya, na hasa sababu yake, maana mabishano mengi huishia kwenye kutajiana aya tu.

Msabato, Mwanza
Kwetu kutawadhana ni sehemu ya Meza ya Bwana, ambayo kwa kawaida huandaliwa kila robo ya mwaka. Kabla ya mkate na divai isiyochachuka, wanaume huenda upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, wakiwa na beseni na taulo. Mmoja hupiga magoti akamtawadha mwenzake, kisha hubadilishana na kuombeana. Msingi wetu ni aya ya 10, kwamba aliyekwisha kuoga anahitaji kutawadha miguu tu. Kuoga tunakuelewa kuwa ni ubatizo, na miguu ni mavumbi tunayoyakanyaga baada yake. Nilimwona mzee mmoja akivuka ukumbi mzima kumfuata jirani ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Walichoambiana juu ya lile beseni hatukukisikia, ila maji yalipoa na wao bado wanazungumza.

Mlutheri, Moshi
Ndugu mleta mada, sisi tuna sakramenti mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana, kwa sababu tunatafuta agizo la Kristo, kitu kinachoonekana, na ahadi ya msamaha iliyofungamana nacho. Katika Yohana 13 maji yapo na agizo lipo, lakini ahadi hiyo hatuioni. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa usharikani kwetu, alikuwa akisisitiza aya ya 7, ambapo Petro anaambiwa kwamba analofanyiwa halijui sasa, atalifahamu baadaye. Alisema kama jambo lingekuwa miguu tu, Petro alikuwa anaiona tayari. Yeye alilitii agizo hilo kwa kwenda kuwaogesha wagonjwa waliokosa mtu wa kuwahudumia.

Mmenoni, Musoma
Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934 wakiwa na mapokeo ya zamani sana: Ungamo la Dordrecht, yaani tamko la imani la Wamenoni la mwaka 1632, lina kifungu kizima juu ya kutawadha miguu ya watakatifu. Wamenoni wamezoea kuyatii maneno ya Bwana kama yalivyosemwa. Watu wanaokataa kula kiapo kwa sababu Yesu alisema msiape kabisa, watawezaje kulifanya agizo la miguu kuwa mfano tu? Zaidi ya hapo, 1 Timotheo 5:10 inamtaja mjane aliyewaosha watakatifu miguu, na kwangu huo ni ushahidi kwamba jambo hili halikuishia kwa wale mitume.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Niongeze kwamba hata ndani ya Kanisa langu usomaji umesogea: kanuni za ibada zilitaja wanaume, mpaka Januari 2016 Papa Fransisko aliporuhusu wachaguliwe watu kutoka taifa zima la Mungu, wanawake wakiwamo. Mke wangu alilifurahia hilo, lakini ameniuliza swali jingine: ikiwa aya ya 14 inawataka watawadhane wao kwa wao, mbona hakuna anayemtawadha padre? Nimemjibu kwamba jioni ile padre anashika nafasi ya Kristo. Naye akanionyesha kwamba aliyeagizwa kutawadhana ni Petro pia. Makatekista na mapadre mliomo humu, mngemjibuje?