Mpungate wa marehemu baba unaoza shinani, nisaidieni kabla haujaisha

Binti_Masaku, Julai 19

Habari zenu jamani. Naomba ushauri wa haraka.

Nina mpungate, ule wa mabapa mapana kama sahani. Niliukata mwenyewe kwenye ua wa mipungate uliozunguka nyumbani kwetu Machakos wiki tuliyomzika baba, miaka mitatu iliyopita. Ua wenyewe aliupanda yeye. Shamba limeshauzwa na nasikia ua umeng'olewa wote, kwa hiyo kilichobaki ni hiki kilicho kwangu Kasarani, ghorofa ya tatu.

Ulikaa balkoni tangu mwanzo, ukafika mabapa saba bila shida yoyote. Baridi ya Juni ilipoanza nikauhurumia, nikauingiza sebuleni kando ya dirisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bapa jipya limetoka jembamba kama kidole, rangi yake kijani kilichofifia. Juzi nimegusa shina chini nikakuta ni laini, lina weusi na harufu mbaya. Huwa naumwagilia kila baada ya siku mbili, kikombe kimoja. Upo kwenye ndoo ya rangi ya lita nne na udongo mwekundu wa hapa kwenye ploti.

Tena mtoto wangu wa miaka minne aliushika jana. Hauna miiba mirefu, lakini kiganja kimejaa vimiiba kama vumbi la manjano, analia kila akigusa kitu. Nisaidieni kwa yote mawili.

Mama_Pacha, Julai 19

Pole dada. Tuanze na mtoto. Usimsugue mkono, na mwambie asiutie mdomoni wala asijiguse macho. Vile vimiiba vina ndoano ndogo nchani, ukisugua vinazama. Bandika selotepu pana, bonyeza, bandua, rudia na kipande kipya mara nyingi. Vitakavyobaki, paka gundi nyeupe ya shule, iache ikauke kabisa kisha ibandue kama ngozi. Vya mwisho unavitoa kwa kibano, mtoto akiwa karibu na taa. Kama kuna hata kimoja kwenye jicho, hapo hakuna dawa ya nyumbani, mpeleke hospitali leo hii.

Nguo aliyokuwa amevaa ifue peke yake. Mimi niliichanganya na za wengine, tukajikuna nyumba nzima.

Jirani_wa_Umoja, Julai 19

Huo umeshikwa na baridi. Ufunike na mfuko wa plastiki usiku na uongeze samadi upate nguvu.

Mtunza_Vyungu, Julai 19

Ndugu wa Umoja, tafadhali, hapana. Mfuko utafungia unyevu ndani, na samadi kwa mmea unaooza ni kuharakisha mazishi.

Dada, baridi ya Nairobi haiui mpungate. Asili yake ni Mexico, hata bendera ya nchi ile ina tai aliyesimama juu ya mpungate, na nyanda zao za juu hupata usiku wa baridi kuliko wetu. Ukiwa mkavu, nyuzi 10 za Julai unazivumilia vizuri. Kinachouua ni baridi pamoja na maji. Mmea huu hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku na kuvifunga mchana ili usipoteze maji, kwa hiyo unakunywa polepole mno. Ukiutoa kwenye jua matumizi yanapungua zaidi, nawe umeendelea na kikombe kila siku mbili. Je, hiyo ndoo ina matundu chini?

Binti_Masaku, Julai 19

Haina hata moja. Mtoto tumemtoa vingi kwa selotepu, amelala. Asante Mama Pacha, Mungu akubariki.

Mtunza_Vyungu, Julai 19

Basi maji yote ya Juni bado yamo humo chini. Mizizi imeoza, na shina likishakuwa laini na kunuka halirudi. Lakini mpungate wa baba bado unao. Uko kwenye mabapa ya juu, na kila moja ni mmea kamili.

Fanya hivi usiku huu, usingoje Jumamosi. Kunja gazeti liwe kama mkanda, ulishike bapa nalo. Chukua kisu kikali ukipanguse kwa spiriti. Kata pale bapa linapoungana na jingine, kisha tazama ndani. Nyama ikiwa kijani safi, umepona. Ukiona hata doa la kahawia, panda juu ukate tena, na kila mkato upanguse kisu upya, maana uozo husafiri na kisu. Chagua matatu au manne yaliyo magumu. Lile jembamba liache, halitakuwa na nguvu.

Yaweke kivulini penye hewa, juu ya kabati kwa mfano, bila udongo na bila maji. Kidonda lazima kikauke kiwe kigumu kama gamba. Januari huchukua wiki moja, Julai hii subiri wiki mbili au zaidi. Watu wengi hushindwa hapa. Wanaona bapa linanyauka, wanaingiwa na huruma, wanalipanda likiwa bichi, linaoza upya. Likunjamane tu, lina maji ya kutosha ndani.

Likishakauka, lisimamishe kwenye chungu cha udongo chenye tundu, lizame kama sentimita tatu, uliegemeze kwa mawe. Usipande kwenye udongo mwekundu peke yake, na ule mweusi wa Embakasi ndio mbaya zaidi, unashika maji kama sifongo. Mimi huchanganya sehemu moja ya udongo, moja ya mchanga wa mto ulio mnene, na moja ya yale mawe mepesi yenye vishimo yanayotoka upande wa Naivasha, jamaa ya jiwe la kusugulia visigino. Ukiyakosa, changarawe ndogo inatosha. Usitie tone la maji mpaka wiki ya tatu au ya nne. Livute kidogo sana, likikataa kutoka ujue limeshika mizizi.

Mwana_wa_Doldol, Julai 20

Nimesoma kimya, lakini lazima niseme. Mimi ni wa Laikipia Kaskazini. Mmea huu uliletwa kwetu enzi za ukoloni uwe ua wa kuzungushia boma, ukatoroka. Sasa umemeza malisho. Mbuzi wetu hula matunda yake, vile vimiiba vinawachoma midomo na matumbo, wengine wanapofuka. Ndovu na nyani nao hula na kusambaza mbegu. Nimemshika mbuzi wa mama yangu mdomo umeoza, hawezi kula.

Sikukatazi, dada. Najua unachokitunza. Lakini hayo mabapa utakayotupa yatakwenda wapi? Bapa moja likianguka kando ya mto huota bila mtu kulipanda.

Binti_Masaku, Julai 20

Pole sana ndugu yangu. Nilikuwa nimeshayatia kwenye taka za ploti. Nimeteremka sasa hivi kuyatoa. Niyafanyeje?

Mwana_wa_Doldol, Julai 20

Asante kwa kushuka. Yakatekate, yafunge kwenye mfuko mweusi usiopitisha hewa, uuache juani mpaka yawe uji kabisa. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye mabapa, ukiwaminya wanatoa rangi nyekundu, usishangae. Kwetu jamaa za wadudu hao waliachiliwa makusudi ili waule mpungate, na tunawaombea wazaliane. Kwako ni adui, wafute kwa pamba yenye spiriti.

Wetu ni hasa Opuntia stricta na Opuntia engelmannii. Wako usio na miiba mirefu huenda ni Opuntia ficus-indica, ule wa matunda, lakini nao huota ukitupwa.

Mwalimu_wa_Jiografia, Julai 20

Swali kwa mwenye uzi: dirisha la sebule linatazama wapi? Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua linahama upande. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana huegemea kaskazini, kisha huegemea kusini hadi Machi. Dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja mwezi huu. Lile bapa jembamba lilikuwa linarefuka likitafuta mwanga.

Binti_Masaku, Julai 20

Sebule inatazama kusini! Chumba cha kulala kinatazama kaskazini. Sikuwahi kuwaza hilo.

Binti_Masaku, Oktoba 4

Nimerudi. Nilikata mabapa manne. Moja liliozea kabatini, nililikata karibu mno na doa. Matatu yalikaa siku kumi na tisa bila udongo, yakakunjamana mpaka nikalia, lakini sikuyagusa. Nikayapanda kwenye vyungu, dirisha la chumbani, juu mtoto asikofika. Mwezi uliopita nilivuta moja, likakataa kutoka. Leo bapa la kati lina kichipukizi cha ukubwa wa kunde, kimezungukwa na vijani vidogo vyenye ncha.

Nataka kuyarudisha balkoni. Niyatoe moja kwa moja?

Mtunza_Vyungu, Oktoba 4

Nimefurahi kweli! Hapana, yataungua yatoke madoa meupe. Wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, kwa muda wa kama saa moja na nusu, kisha ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Hivyo vijani ndiyo majani yake halisi, vitaanguka, usiogope. Maji sasa ni kumwaga mpaka yatoke chini, halafu kungoja. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na udongo, ngoja tena. Mvua za vuli zikianza yasogeze chini ya paa.

Binti_Masaku, Oktoba 4

Sawa. Chungu kimoja nampelekea dada yangu Rongai Jumapili. Nimeshamwambia mabapa yakianguka ayafunge kwenye mfuko mweusi.