Tupeane uzoefu: intaneti ya nyumbani na Wi-Fi isiyokwama katikati ya filamu au mechi

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, nawasalimu. Jana jioni nilikuwa natazama mechi ya watani wa jadi kwa njia ya intaneti. Jirani yangu, ambaye ana king'amuzi, alipiga kelele za goli wakati kwenye runinga yangu mpira ulikuwa bado mikononi mwa kipa, kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka, na kilipotulia wachezaji walikuwa wameshamaliza kushangilia na wanarudi katikati ya uwanja. Kila mwezi nalipia kifurushi cha faiba chenye kasi ya Mbps 20, ruta nilipewa na kampuni yenyewe, na iko hapo hapo sebuleni, mita tano kutoka kwenye runinga. Kabla sijapandisha kifurushi au kununua ruta nyingine, naomba mliopitia hali hii mnieleze mlianzia wapi.

Mama Wawili
Hilo la jirani kushangilia goli ambalo mimi sijaliona nimelizoea kiasi kwamba siku za mechi nafunga madirisha.

Fundi Nyaya
Mkuu, una matatizo mawili na usiyachanganye. Kuchelewa kwa goli hakuna dawa kamili, kwa sababu picha za intaneti hukatwa vipande vipande, na runinga hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuvionyesha, wakati king'amuzi hakina mzunguko mrefu kiasi hicho. Kukwama ndiko kunakotibika. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K (hizo ni ngazi za ung'avu wa picha, kutoka chini kwenda juu), kwa hiyo Mbps 20 ulizonazo zinatosha runinga moja na simu za watoto. Leo saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya na upime kasi, kisha pima tena kwa Wi-Fi ukiwa umesimama mbele ya runinga. Ikiwa waya unakupa 19 na Wi-Fi inakupa 3, ugomvi wako si na kampuni.

Bingwa wa Bando
Siafikiani na Fundi hata kidogo. Mbps 20 ni kasi ya konokono. Mimi nina kifurushi kama hicho hicho, na filamu ya GB 2 ambayo kwa hesabu ilipaswa kushuka ndani ya dakika mbili, kwa kuwa ni MB 20 kila sekunde, ilichukua karibu robo saa. Kampuni hizi zinatuibia mchana kweupe.

Fundi Nyaya
Hujaibiwa, ndugu yangu, umesoma herufi vibaya. Ile b ndogo ni biti, na biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, kwa hiyo Mbps 20 ni sawa na MB 2.5 kwa sekunde. Gawa GB 2 kwa hesabu hiyo utapata dakika kama kumi na tatu, na hizo ndizo ulizopewa.

Bingwa wa Bando
Basi waandike kwa lugha inayoeleweka. Bado nasimamia neno langu kwamba wanatuibia.

Mtanga wa Chumbageni
Uzi huu umenikumbusha siku ambayo nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. Ilikuwa Jumapili tarehe 12 Mei 2024, mdogo wangu anaoa Birmingham, Uingereza, na kwa kuwa mama hakuweza kusafiri, mimi ndiye niliyejitolea kwamba ndoa ataiona nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa nimevuta faiba wiki tatu kabla, nikakodi projekta, nikatundika shuka jeupe ukutani, na kufikia saa tisa alasiri sebule ilikuwa imejaa: mama kwenye kiti, shangazi zangu wote kwenye mikeka, na majirani barazani wakichungulia dirishani. Tangu mchana niliona mtandao unasuasua, nikajipa moyo kwamba utakaa sawa. Nilizima ruta na kuiwasha mara nne, nikabadilisha nikatumia bando la simu ya mke wangu, ambalo ni la kampuni nyingine kabisa, na hali ikawa ile ile.

Picha ilikuja kwa vipande hadi bwana harusi aliponyoosha mkono kumshika walii, na hapo hapo ikaganda, mdogo wangu akiwa amefungua mdomo nusu na jicho moja limefumba. Kwa muda wa nusu saa watu zaidi ya thelathini walikaa wakiutazama mdomo ule ukubwa wa sahani ukutani. "Nimekubali" hatukuisikia. Mama alianza kutokwa na machozi, shangazi mmoja akasema huenda kijana amebadili nia, na mjomba, mbele za watu, akaniambia kwamba fedha za faiba ningemnunulia mama mbuzi wawili. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika siku ile, na kwamba Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu zote ziliathirika. Tangu hapo nimejifunza kwamba kuwa na kampuni mbili si kuwa na njia mbili, ikiwa zote zinapitia baharini palepale.

Mama Wawili
Maskini mama. Je, hatimaye aliisikia hiyo "nimekubali"?

Kijana wa Kisauni
Nami nasubiri jibu hilo hilo.

Mpangaji wa Tabata
Jamani, nampa pole Mtanga kwa dhati, lakini mimi bado sijui nianzie wapi.

Mtanga wa Chumbageni
Aliisikia Jumatano, video ilipofika kwa WhatsApp. Aliirudia mara saba, kisha akaniuliza kwa nini sikutumia njia hiyo tangu mwanzo.

Kijana wa Kisauni
Kwa upande wa Mombasa, Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ilipoanza Kenya mwezi Julai 2023 nilikuwa miongoni mwa walioikimbilia, na naitumia hadi leo. Kosa nililifanya mimi mwenyewe, kwa sababu sahani niliiweka karibu na mwembe wetu, na kila jioni filamu ilikuwa inakatika kila baada ya dakika chache nisijue sababu. Sahani ile inataka uwazi wa anga, kwa kuwa setilaiti zinapita na kupokezana, na kila moja iliyojificha nyuma ya matawi ilinikatia picha. Nimeihamishia juu ya paa, kwa kuwa baba alikataa katakata mwembe usiguswe.

Bi Forodhani
Mwenye mada, kuta za nyumba yako ni za nini? Nauliza kwa sababu sisi wa Mji Mkongwe tunaishi ndani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba ukikaa chumba cha pili Wi-Fi ya 5 GHz inakuwa hadithi. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini yanashindwa na ukuta, na ya 2.4 GHz yanapenya zaidi lakini yana msongamano, maana ruta za majirani na hata oveni ya maikrowevu zinayaingilia. Nilinunua repita, kifaa cha kupokea na kurusha upya mawimbi ya Wi-Fi, nikaichomeka kando ya runinga, mahali ambapo mawimbi yalikuwa tayari yamekufa, na ikawa inarudia kwa uaminifu udhaifu ule ule. Mwishowe fundi alipitisha waya wa Cat5e pembeni ya boriti za dari hadi chumba cha juu na kufunga kituo kingine cha Wi-Fi huko. Waya huo unafanya kazi vizuri hadi mita 100, na nyumba yangu haifiki hata 30.

Bingwa wa Bando
Tenganisha majina ya Wi-Fi ya 2.4 na ya 5, kisha la kwako uliite "Lipa Kodi Kwanza", uone kama kuna mtoto wa jirani atakayeomba nywila.

Fundi Nyaya
Kutenganisha si lazima, kwani ruta nyingi za sasa huchagua zenyewe. Ila ukibaki kwenye 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Mama Wawili
Msisahau kuuliza ukomo. Kifurushi changu kiliitwa "bila kikomo", lakini kikifika kiasi fulani kasi inashuka hadi mwisho wa mwezi. Saa moja ya picha ya HD inaweza kula GB 3, kwa hiyo saa tatu kila siku ni GB 270 kwa mwezi, na ukienda 4K mahesabu yanapita mara mbili. Umeme nao ukikatika, kibetri kidogo cha ruta cha volti 12 kimeniokoa mara nyingi.

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, nimepima. Kwa waya nimepata 19.4, kwa Wi-Fi mbele ya runinga nimepata 2.8. Nimegundua pia kwamba runinga yangu haioni 5 GHz kabisa.

Bi Forodhani
Ruta imekaa wapi hasa?

Mpangaji wa Tabata
Imo ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya hotipoti za wageni, na juu yake kuna kitambaa alichofuma mke wangu. Nimeitoa, nimeiweka juu ya kabati, na Wi-Fi imepanda hadi 14. Waya wa mita sita nimeununua leo Kariakoo, nimeuchomeka moja kwa moja kwenye runinga, na kipindi kizima cha jioni hii hakijakwama hata mara moja. Kampuni siihami. Kwa sasa mke wangu anauliza kitambaa chake akitandike wapi, na ameshaanza kuitazama ile ruta.