Taa ya taimingi inasoma sawa lakini injini haina nguvu baada ya ovaholi, naomba ushauri

Mwanabloku:
Habari wakuu. Nimefanya ovaholi ya injini mwenyewe nyumbani. Ni silinda 4, ya kabureta na distribyuta (kile kinachogawa moto kwa kila plagi), kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, iko chini kwenye bloku, cheni ya kuizungusha iko mbele. Nimeweka ringi na beringi mpya, cheni mpya na gia zake, gasketi ya hedi, valvu zimesagwa. Kabla sijafunga kava ya cheni nilihakikisha alama za gia zinatazamana, na picha ninazo.

Inawaka, ila kwa kupiga stata sana. Kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, inatulia kidogo. Ukikanyaga mafuta inazubaa kwanza, halafu inapiga milipuko kwenye ekzosi. Ikikaa muda kidogo inapanda joto, na manifodi ya ekzosi inaanza kuwa nyekundu.

Kinachonichanganya ni hiki: taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inaporuka, inaonyesha digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, vilevile kama kitabu cha injini kinavyotaka. Nikizungusha distribyuta moto uje mapema zaidi, injini inachangamka kabisa, lakini taa inasoma kama 28. Naogopa kutoboa pistoni, nairudisha 10, na ugonjwa unarudi. Je, cheni imeruka jino? Nifungue mbele upya?

Plagi Kavu:
Mkuu, hiyo distribyuta umeiingiza kinyume. Pistoni namba 1 hufika juu mara mbili kabla kazi yake nzima haijakamilika, mara ya kubana na mara ya kutoa moshi. Ukiifunga ikiwa inatoa moshi, moto wote unakwenda siko. Ichomoe, zungusha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) mzunguko mmoja, rudisha.

Mzee wa Spana:
Hapana kaka, hiyo ingekuwa haiwaki kabisa. Ingekuwa inatema moto kwenye kabureta, kwa sababu cheche ingeruka wakati valvu ya kuingiza imeanza kufunguka. Hii yake inawaka na inakaa. Distribyuta usiiguse kwanza.

Dada Gasketi:
Swali dogo: ulipokuwa unasoma taa, ule mpira wa vakyumu wa distribyuta (wa kuvuta hewa, unaowahisha moto) uliuchomoa na kuuziba? Kwenye injini nyingine ukiuacha unaongeza digrii kwenye sailensi, unasoma namba ambayo siyo ya msingi.

Mwanabloku:
Niliuchomoa nikauziba, dada. Mpangilio wa waya ni 1-3-4-2, nimeufuata na kidole kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye plagi.

Mzee wa Spana:
Vizuri. Sasa nisikilize, na usifungue kava yoyote bado. Dalili zako zote ni za moto kuchelewa. Cheche ikichelewa, mafuta yanakuwa bado yanaungua wakati valvu ya ekzosi inafunguka. Ndiyo maana manifodi inaiva, maji yanachemka na nguvu hakuna. Injini inakwambia imechelewa, taa inakwambia iko sawa. Mmoja wao anadanganya, na mimi kila siku huanza kuishuku alama kabla ya kuishuku injini.

Taa haimuoni pistoni. Inaona mkwaruzo ulioko kwenye puli ya kranki, basi. Puli nyingi za namna hiyo zina vipande viwili: kitovu kinachokaa kwenye kranki na pete ya nje, katikati kuna mpira. Mpira ukichoka, pete inateleza na alama inaondoka nayo. Kwa macho puli inaonekana nzima.

Pima hivi. Toa plagi zote. Chukua plagi kuukuu, vunja kaure yake, tengenezea bolti yenye kichwa laini ili iwe kizuizi, kisha uifunge kwenye tundu la namba 1. Legeza roka (vyuma vinavyokandamiza valvu) za namba 1 ili valvu zake zikae zimefungwa zisigonge kizuizi. Zungusha kranki kwa spana, polepole, STATA USIIGUSE, mpaka pistoni iguse kizuizi. Piga mstari wa chaki kwenye puli mbele ya mshale wa injini usiozunguka, ule unaosomea alama. Rudi upande wa pili mpaka iguse tena, piga mstari mwingine. Katikati ya mistari hiyo miwili, ule upande wa karibu, ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Linganisha na alama ya kiwandani.

Mwanabloku:
Mzee, nimepima, nikarudia, jibu ni lilelile. Pistoni inakuwa imeshafika juu huku alama ya kiwandani haijafika kwenye mshale. Zimeachana karibu milimita 24. Puli ina kipenyo cha sentimita 15, kwa hiyo digrii moja ni kama milimita 1.3, inakuja digrii 18 hivi. Lakini sasa ndiyo nimeogopa zaidi: gia ya kranki ina meno 20, na jino moja ni digrii 18 kamili! Si ni cheni hiyo?

Mzee wa Spana:
Imegongana tu namba. Fikiria ulichopima: pistoni dhidi ya puli. Cheni haimo kwenye kipimo hicho hata kidogo, ungeweza kuitoa yote na jibu lisibadilike. Kilichohama ni puli. Angalia na kii yake, kile kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye kranki, isije ikawa imekatika.

Ila ukitaka kulala usingizi, cheni nayo ipime bila kufungua. Rudisha roka za namba 1 na uzipime nafasi zake upya. Weka namba 1 juu kabisa kwa alama yako mpya, ikiwa inabana, kisha tazama valvu za namba 4. Hapo ekzosi inamalizia kufunga na ya kuingiza inaanza kufunguka. Kwa kamshafti nyingi za kawaida, roka zote mbili zitakuwa zimekandamiza karibu sawa. Moja ikiwa imezama sana na nyingine iko juu, hapo ndipo uishuku cheni.

Mwanabloku:
Namba 4 ziko sawa, tofauti ni ndogo mno. Kii ni nzima. Lakini nilipochora mstari mmoja kutoka kwenye kitovu kupita mpira hadi kwenye pete, baada ya kuiwasha mstari ulikuwa umekatika. Pete inatembea kweli. Nimepaka rangi nyeupe alama mpya na kuweka digrii 10 kwa hiyo alama. Imewaka kwa kugusa tu, manifodi haiwi nyekundu tena. Naweza kutembelea hivi?

Mzee wa Spana:
Hapana, ndugu yangu. Kama pete bado inatembea, hiyo rangi yako haitakuwa ya kweli muda mrefu, na ikichomoka kwenye mwendo itakata feni na kava ya cheni. Badilisha puli. Ukifunga mpya, rudia kipimo cha kizuizi kabla ya kuiamini alama yake.

Dada Gasketi:
Na ukishaweka mpya, pandisha injini taratibu huku taa inamulika. Alama ipande pole bila kukwama kadiri mzunguko unavyoongezeka. Ikisimama palepale, vizito vya ndani ya distribyuta, vinavyowahisha moto mzunguko ukiongezeka, vimeganda, visafishe na uvitie mafuta kidogo.