Sauti zimeisha, lakini maharage bado yanaungua

Dada Mkubwa, Korogwe

Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 29, ambaye miaka sita iliyopita aligundulika kuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili. Tangu aanze kuchomwa sindano ya kila mwezi, yaani kwa miaka miwili sasa, hasikii tena sauti wala hadai kwamba majirani wanamfuatilia, na daktari ameridhika. Kinachonitatiza ni maisha ya kila siku. Jumamosi iliyopita nilimwomba achemshe maharage, aoshe sufuria mbili, kisha aende dukani kununua chumvi, vitunguu na kiberiti. Niliporudi saa nane mchana nilimkuta ameketi barazani, kiberiti kipya kikiwa mkononi. Sufuria zilikuwa palepale zilipokuwa, chumvi na vitunguu havikuwepo, na harufu ya maharage yaliyoungua ilikuwa imefika barabarani. Nilipomuuliza, alinieleza bila kukosea jinsi maharage yanavyopikwa, tangu kuchambua mpaka kuunga kwa nazi. Sasa kama anajua, kwa nini hafanyi? Mama anasema ni uvivu wa kudekezwa, na mjomba anasema dozi iongezwe. Mimi nakiri kwamba siku ile nilimfokea.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, Moshi

Pole sana, dada. Kujua namna ya kupika ni jambo moja. Kuanza bila kusukumwa, kuamua kipi kitangulie, kukumbuka maji ya maharage huku mikono imo kwenye kazi nyingine, na kugundua kwamba mambo yanaharibika kabla hayajaharibika, ni jambo jingine kabisa, na hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso. Kwa watu wengi wenye skizofrenia, sehemu hiyo na mawasiliano yake na sehemu nyingine hufanya kazi kwa shida, na shida hiyo mara nyingi hutangulia sauti na hubaki baada ya sauti kunyamaza. Emil Kraepelin, daktari Mjerumani wa mwishoni mwa karne ya 19, aliuita ugonjwa huu kwa jina la Kilatini lenye maana ya kupungukiwa akili mapema; jina la skizofrenia lililetwa na Eugen Bleuler wa Uswisi mwaka 1908. Jina la Kraepelin liliwakatia wagonjwa tamaa kupita kiasi, lakini angalau aliona kwamba tatizo haliishii kwenye sauti.

Kuna kipimo cha karata ambacho mtu hupanga karata kwa rangi, umbo au idadi bila kuambiwa kanuni, kisha kanuni hubadilishwa kimyakimya. Wengi wenye ugonjwa huu huendelea kung'ang'ania kanuni ya kwanza hata baada ya kuambiwa kila mara kwamba wamekosea. Binafsi naona sufuria ya maharage inapima vizuri zaidi kuliko karata.

Kuhusu ushauri wa mjomba: dawa hizi hutuliza sauti na imani zisizo za kweli kwa kuzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, lakini uwezo wa kupanga hazirudishi kwa kiasi cha kutegemewa. Kuongeza dozi kwa sababu ya maharage kunaweza kumwongezea usingizi tu. Badilisheni nyumba kabla ya kumbadilisha yeye. Ulimpa kazi tano kwa pumzi moja. Mpe moja, na vifaa vyake viwe mbele ya macho yake. Akiwa na jiko, asiwe na jambo jingine.

Ninayeishi nao, Mombasa

Nina skizofrenia tangu mwaka 2011, na ningependa mama yako asome haya. Asubuhi nilikuwa naamka, naiona ndoo, najua ni ya kuogea, na ninataka kuoga kwa sababu nanuka na naona haya. Halafu inakuwa saa tano na bado naitazama ndoo. Ndugu yangu alipoanza kuniwekea ndoo, sabuni na taulo pamoja mlangoni mwa bafu tangu usiku, nilianza kuoga. Nguo za kesho huzitundika kwenye msumari mmoja kwa mpangilio wa kuvaa, maana bila hivyo nimewahi kutoka na mashati mawili kwenye jua la Mombasa.

Kengele ya simu haikunifaa mwanzoni, kwa sababu niliizima kisha nikasahau ililia kwa ajili ya nini. Mtu mmoja akashauri turekodi sauti ya dada yangu ikiniambia la kufanya. Nilikataa, sauti nilizokwisha kusikia zinanitosha. Sasa kengele inapolia, maneno “kidonge, kisha chai” huonekana kwenye kioo cha simu. Ila msimfanyie kila kitu, maana mtu akifanyiwa kila kitu hata alichokuwa anakiweza humtoka.

Muuguzi wa afya ya akili, Dodoma

Naongeza moja tu. Tazameni kama pamoja na sindano anameza benziheksoli, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Artane. Hutolewa ili kupunguza mitetemo na kukakamaa kwa misuli kunakosababishwa na baadhi ya dawa za ugonjwa huu, lakini yenyewe huweza kudhoofisha kumbukumbu. Wapo wanaoendelea kuimeza kwa miaka bila mtu kuuliza kama bado wanaihitaji. Muulizeni daktari wake, msiisimamishe wenyewe.

Dada Mkubwa, Korogwe

Nashukuru sana. Artane anameza, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na tutaulizia kliniki siku ya sindano. Juzi nilimpa kikapu chenye pakiti tupu ya chumvi, ganda la kitunguu na kiberiti kilichokwisha, nikamwambia kila kimoja kirudi na mwenzake. Alirudi na vyote vitatu na chenji kamili. Kwa maharage tulikubaliana akae kwenye kigoda kando ya jiko na kufungua redio, na kila redio inapotaja saa kamili, afunue sufuria na kutazama maji. Mara ya kwanza aliyajaza mpaka yakamwagikia mkaa. Jana yaliiva. Mama alikula, akauliza nani ameyaunga, na alipoambiwa alinyamaza kidogo kisha akaongeza upawa mwingine. Sufuria mbili za Jumamosi ile niliziosha mwenyewe. Mwenye mbinu ya kuosha vyombo naomba aniandikie.