Nyoka wanne chumba kimoja, Bagamoyo: niwapangeje?

Mwambao_Bgm

Habari za jioni wadau. Niko Bagamoyo, Magomeni. Kuna chumba cha nje cha mita 3 kwa 3.5, tofali za simenti, bati bila dari, madirisha mawili yenye nyavu za mbu. Ndani wapo nyoka wawili: nyoka wa mahindi wa Marekani (Pantherophis guttatus), jike wa sentimita 110, na chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius), dume wa gramu 900. Mwezi ujao wanakuja wengine wawili, nyoka wa kahawia wa majumbani (Boaedon), dume na jike, wamezaliwa kizimbani kwa mfugaji mwenye kibali.

Wote wanaweza kukaa chumba kimoja? Hao wa kahawia, kwa kuwa ni jamii moja, niwaweke boksi moja kuokoa nafasi? Themostati (kidhibiti joto) moja inatosha kuendesha mikeka ya joto ya maboksi yote? Na siku ya kulisha, harufu ya panya haiwachanganyi wale ambao zamu yao haijafika?

Fundi_Vizimba

Kaka, chumba kimoja sawa, boksi moja hapana.

Nyoka hawa si wanyama wa kundi. Ukiwakuta wamejikunja pamoja chini ya gome moja, mara nyingi wanagombea mahali penye joto au maficho mazuri, na mnyonge ndiye anayekosa. Huyo ataacha kula taratibu na utachelewa kugundua, kwa sababu ukikuta kinyesi hujui ni cha nani, ukikuta panya aliyetapikwa hujui nani kamtapika. Hatari kubwa zaidi ipo kwenye chakula. Wawili wakimshika panya mmoja, huyu kichwani na yule mkiani, midomo inakutana na mkubwa anaendelea kumeza. Meno yao yamelala kuelekea nyuma, hivyo akishaanza kumeza si rahisi kuachia.

Wako pia ni dume na jike. Boaedon jike hupandwa akiwa bado hajakomaa vizuri, na akiachwa na dume hutaga mara kwa mara ndani ya mwaka hadi mwili unaisha. Kila mmoja apate lake: jike sentimita 80 kwa 40, dume 60 kwa 40. Wa mahindi mpe 120 kwa 50, chatu 120 kwa 60. Wapo wanaokubali urefu na upana wa boksi vikijumlishwa vifikie urefu wa nyoka. Kwangu hicho ni kiwango cha chini kabisa. Nyoka anatakiwa aweze kujinyoosha.

Makontena ya plastiki ya kuhifadhia nguo yanafaa kwa hao wadogo. Matundu ya hewa yawe ya milimita 4, safu mbili kila upande mrefu, na utoboe kutoka ndani kwenda nje ili makali ya plastiki yasibaki upande wa nyoka. Usiamini vibano vya mfuniko peke yake. Nyoka husukuma kona usiku kucha, na kona moja ikiinuka kidogo kichwa kikapita, mwili wote unafuata. Funga mkanda kuzunguka boksi au tia kitasa kidogo kila upande. Chini ya mlango wa chumba piga ukanda wa mpira ugusane na sakafu.

Kupanga rafu: joto la bati hushuka kutoka juu, kwa hiyo rafu ya juu huwa na joto kuliko ya chini. Chatu akae juu, wa mahindi chini, na lisiwepo boksi lililopita mita 1.5 kutoka sakafuni.

La mwisho, na ndilo watu wanaloliruka: hao wapya wasiingie humo kabisa kwa siku 90 za kwanza. Wakae chumba kingine, na vyombo vyao: bakuli, koleo, kitambaa. Hata akizaliwa kizimbani. Akiwa ametoka porini, miezi 6.

Mzingani_TGA

Nijibu la themostati. Moja kwa maboksi yote ni hatari, maana kihisio chake kimo kwenye boksi moja tu. Ukifungua boksi hilo kusafisha, kihisio kinapoa, themostati inawasha mikeka yote, na wale watatu wengine wanapikwa. Kila boksi na themostati yake. Kama fedha hairuhusu, anza na za chatu na wa mahindi; wa kahawia watavumilia joto la kawaida la pwani wakati unakusanya.

Mkeka ufunike theluthi moja ya sakafu ya boksi, upande mmoja, ili nyoka awe na pa kukimbilia. Kihisio kibandike kati ya mkeka na boksi, kwa nje. Kikiwa ndani, nyoka atakisogeza au atakikojolea, na kikilowa kinasoma uongo. Weka nyuzi 32 kwa chatu, 30 kwa wa mahindi, 29 kwa wa kahawia. Upande wa pili ubaki 24 hadi 27. Kisha pima kwa kipimajoto kingine kila wiki, kwa sababu themostati huweza kufa ikiwa imewasha, na nyoka anaweza kubaki juu ya sehemu inayomuunguza mpaka tumbo linatoka malengelenge.

Lakini kaka, kwa chumba chako ninaogopa zaidi joto la kuzidi. Bati bila dari, Desemba hadi Machi, mchana chumba kinapita 35 kirahisi, na hapo hakuna mkeka wala themostati itakayokusaidia. Piga dari, hata ya plaiwudi, ukiacha nafasi ya sentimita 30 chini ya bati na matundu ya hewa pande mbili. Ukitandaza makuti juu ya bati joto linapungua sana. Siku mbaya, chupa ya maji ya barafu juu ya mfuniko, upande wa baridi, inasaidia saa kadhaa.

Umeme ukikatika usiku wa Julai na joto likashuka hadi 21, nyoka mzima hadhuriki kwa siku mbili au tatu. Anayedhurika ni aliyekwisha kula. Bila joto panya anaoza tumboni kabla hajameng'enywa, na nyoka anamtapika. Kama umeme unasumbua wiki hiyo, ahirisha kulisha.

Unyevu nao. Wakati wa masika hewa ya pwani inapita asilimia 80. Wa mahindi anataka 40 hadi 60, chatu 55 hadi 70. Usinyunyize maji kwenye maboksi kipindi hicho, punguza ukubwa wa bakuli, na hakikisha hewa inapita kati ya maboksi. Ukimsikia nyoka anapiga mluzi akipumua, au mdomo uko wazi na una mapovu, hayo ni mapafu. Msogeze chumba kingine siku hiyohiyo.

Matandiko: makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri na hayana gharama. Ila yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi ya bomba, badilisha maji mara tatu au nne, anika juani mpaka yakauke kabisa. Taka za mkonge usitumie, nyuzi zake hukwama mdomoni na kuzunguka mkia.

Fundi_Vizimba

Hapo kwenye harufu ya panya: ndiyo, inawaamsha wote. Kwa hiyo zamu zikigongana walishe jioni moja, kila mmoja kwenye boksi lake, na maboksi yote yawe yamefungwa kabla panya hajaingia chumbani. Tumia koleo la sentimita 30. Ukishika panya kwa mkono kisha ukafungua boksi la pili, nyoka hatofautishi mkono na chakula.

Panya awe mfu. Aliye hai humng'ata nyoka, na jeraha la kichwani au machoni huchukua muda mrefu kupona. Unene wake usizidi sehemu nene ya nyoka. Huyo wa mahindi gramu 20 hadi 30 kila baada ya siku 10, chatu gramu 60 hadi 80 kila wiki mbili. Panya wa barafu ayeyuke kwenye friji usiku kucha, halafu umpashe kwenye maji ya nyuzi 40. Panya wa mtaani kamwe: ameshakula sumu ya panya ya jirani, na sumu ile humfikia nyoka.

Chatu dume akikataa kula wiki kadhaa usimlazimishe. Mpime uzito, kama hashuki, subiri.

Mwambao_Bgm

Nashukuru sana wakuu. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Kwenye bakuli la maji la chatu kuna vidoti vyeusi vidogo vimezama chini, na yeye siku hizi analala ndani ya bakuli. Ni uchafu wa makumbi?

Bi_Mifugo

Huo ni utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis. Analala majini ili kuuzamisha. Pitisha karatasi nyeupe yenye unyevu mwilini mwake; ukiona vidoti vinavyotembea, hakuna ubishi. Angalia pia ukingo wa macho na mkunjo chini ya kidevu.

Kwanza, waahirishe hao wapya. Pili, mchukulie na wa mahindi kuwa anao, hata kama huuoni, kwa sababu utitiri hutambaa ukutani na hupanda mkononi mwako. Wote wawili watibiwe siku moja.

Ondoa makumbi yote, yafunge kwenye mfuko na uyachome. Gome na vijiti chemsha au tupa. Tandika karatasi nyeupe, ibadilishe kila baada ya siku tatu. Boksi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kwanza, ndipo jiki, sehemu 1 kwa 10 za maji, iache dakika 10, suuza, kausha juani. Ukitia jiki juu ya uchafu, uchafu unamaliza nguvu yake. Detoli usitumie, wala dawa yoyote yenye harufu ya msonobari. Zina viambato vinavyodhuru wanyama hawa. Chatu aoge maji ya nyuzi 29, kina kisipite nusu ya unene wake, dakika 20, ukiwa umesimama hapo. Kuoga kunapunguza tu, maana utitiri hukimbilia kichwani.

Dawa ya kuua uliobaki aichague daktari wa mifugo. Tafadhali usinunue sindano ya aivamektini ya ng'ombe dukani ukaidunga mwenyewe. Ile ni miligramu 10 kwa mililita. Kipimo cha nyoka ni miligramu 0.2 kwa kilo, kwa hiyo nyoka wa nusu kilo anahitaji mililita 0.01, chini ya tone moja, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi kupima. Watu huzidisha mara kumi bila kujua. Na kama una kobe nyumbani, dawa hiyo humuua.

Mayai huanguliwa ndani ya siku chache kwenye joto letu, na dawa nyingi haziyagusi, ndiyo maana unarudia baada ya wiki mbili. Endelea kukagua wiki 6. Wapya waingie nyumbani, kwenye karantini yao, baada ya hapo.

Tangu leo hudumia kwa mpangilio: mzima kwanza, wa mashaka mwisho, mikono kwa sabuni kati ya boksi na boksi. Na jiki isikufanye ujione salama kwa kila kitu. Kuna kijidudu cha Cryptosporidium ambacho jiki haikiui. Dalili yake ni kutapika siku chache baada ya kula na uvimbe katikati ya mwili. Ukiona hivyo peleka kinyesi maabara kabla nyoka yeyote hajahama. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wana ndaki ya tiba ya wanyama.

Watoto chini ya miaka 5 wasishike nyoka wala bakuli zao, kwa ajili ya salmonela (bakteria wa kuharisha). Bakuli zisioshwe jikoni.

Mzingani_TGA

Niongeze mawili ya pwani. Siafu wakihama wakati wa mvua wakaingia chumbani, nyoka aliye kwenye boksi hana pa kukimbilia. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye maji na sabuni kidogo, rafu iwe mbali na ukuta sentimita 10, na waya za mikeka zishuke bila kugusa ukuta.

Pili, hakikisha karatasi za hao wa kahawia. Ni nyoka wa hapa nchini, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kibali cha mfugaji hakikufuniki wewe unayenunua. Waone TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kabla hujalipa.

Mwambao_Bgm

Makumbi yameshatoka. Dawa ya mbu ya kupulizia humo chumbani je?

Bi_Mifugo

Usipulize, na udi wa mbu usiwashe humo. Rekebisha nyavu, funga mlango jioni. Kama nyumba kubwa lazima ipulizwe, ziba chini ya mlango wa chumba cha nyoka na ufungue madirisha ya upande usiopokea upepo unaotoka kwenye nyumba hiyo.